MAARIFA YA NYUMBANI: Kuitoa Pini Iliyokwama katika Uma wa Nyuma wa Pikipiki

Miongoni mwa vyombo vinavyotunzwa katika nyumba za askari, pikipiki ya zamani ina heshima yake. Aghalabu ilinunuliwa kwa akiba ya miaka mingi. Ndiyo inayomfikisha baba kazini kabla ya mapambazuko, ndiyo impelekayo mtoto shuleni, na usiku wa dharura ndiyo inayomkimbiza mgonjwa hospitalini. Chombo cha namna hiyo hakistahili kutupwa kwa sababu ya kipande kimoja cha chuma chenye unene wa kidole. Hata hivyo, fremu nyingi zilizokuwa nzima zimepindwa au kupasuliwa kwa nyundo, na nyingine zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu ya kipande hicho hicho: pini ndefu inayoufunga uma wa nyuma kwenye fremu, ikiwa imeshikwa na kutu hata haisogei.

Kazi ya kuitoa pini hiyo haihitaji gereji kubwa. Yahitaji subira, utaratibu, na kujua ni hatua gani itangulie na ipi ingoje. Fundi anayeanza na nyundo mara nyingi humaliza na fremu mpya. Anayeanza na mafuta na brashi ya waya humaliza na bushi mbili mpya na bolti moja.

UMA WA NYUMA NA KAZI YAKE

Pikipiki nyingi za kale hazikuwa na uma unaocheza. Gurudumu la nyuma lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na mpanda pikipiki alitegemea springi za kiti peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili mtindo ulibadilika. Triumph ya Uingereza, kwa mfano, ilianza kutia uma unaocheza katika pikipiki zake kubwa za silinda mbili mwaka 1954. Honda ya Japani ilipotoa Super Cub mwaka 1958, uma huo ulikuwamo. Na kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilizotengenezwa zilikuwa zimefika milioni 100. Kwa hiyo pini inayozungumzwa hapa si tatizo la watu wachache.

Uma una mikono miwili inayolishika gurudumu, na mbele mikono hiyo imeunganishwa na bomba fupi lililokingama. Ndani ya bomba hilo hukaa bushi mbili, moja kila upande. Pini, ambayo kwa kweli ni bolti ndefu, hupita katika tundu la fremu upande mmoja, ikapenya bushi zote mbili, ikatokeza katika tundu la fremu upande wa pili, kisha ikakazwa kwa nati.

Bushi zenyewe ni za namna mbili, na yampasa fundi ajue zake ni zipi kabla ya kushika spana. Namna ya kwanza ni bushi za mpira, kama zile za Honda C90. Hapa mpira umegandishwa kati ya vibomba viwili vya chuma, kimoja cha ndani na kimoja cha nje. Kibomba cha ndani hubanwa na fremu kisizunguke kabisa. Uma unapopanda na kushuka, ni mpira unaojisokota na kujirudisha. Namna ya pili ni bushi za shaba au za plastiki ngumu, ambazo huteleza juu ya kibomba cha chuma kilichopakwa grisi. Pikipiki za namna hii mara nyingi zina nipeli ya kupitishia grisi.

Kutu huingia kwa njia ile ile katika namna zote mbili. Maji ya mvua na ya kuoshea, pamoja na tope la barabarani, hupenya taratibu kati ya pini na kibomba cha ndani. Chuma kinapogeuka kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko ya kwanza, mara mbili au zaidi. Ule mwanya mdogo uliokuwa umeachwa na kiwanda hujaa, na kutu ikaendelea kusukuma pande zote mpaka vyuma viwili vikawa kama kimoja. Katika bushi za mpira hatari ni kubwa zaidi kwa sababu pikipiki huendelea kutembea vizuri. Mwenyewe hana dalili yoyote mpaka siku anayotaka kuutoa uma.

DALILI ZA KUTAZAMA

Gurudumu la nyuma liinuliwe kutoka ardhini, kisha mtu ashike mwisho wa uma na kuusukuma kushoto na kulia. Ukicheza, bushi zimekwisha. Pikipiki yenye uma unaocheza hivyo huyumba katika kona na barabara yenye makorongo, na ikibeba abiria nyuma huyumba zaidi. Jambo hilo si la kuahirisha, hasa kwa mtu anayempakia mkewe na mtoto.

Dalili ya pili hutazamwa kwenye kichwa cha pini. Mtu mmoja akalie kiti na kukibonyeza huku mwenzake akikitazama kichwa hicho. Katika pikipiki yenye bushi za shaba, kichwa kikizunguka pamoja na uma ni alama kwamba pini imeshikana na bushi, na sasa inazunguka ndani ya matundu ya fremu. Matundu hayo yatalika yawe na umbo la yai, na kuyarekebisha ni kazi ya fundi wa lethi.

MATAYARISHO

Kazi ifanywe nje au penye hewa ya kutosha, mbali na jiko na mahali wanapocheza watoto. Pikipiki isimamishwe juu ya stendi yake ya katikati, na magogo yawekwe chini ya fremu ili isianguke. Tangi la petroli liondolewe na kuwekwa mbali. Hapa yafaa kukumbuka kwamba tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Kisha betri iondolewe, ifuatiwe na mnyororo, gurudumu la nyuma, na bolti za chini za shokapu zote mbili. Ikiwa ekzosi au kikanyagio kinaziba njia ya pini, nacho kiondolewe.

Sasa nati ifunguliwe, na fundi atazame kwa makini kama kuna kitu kingine kinachoishika pini. Baadhi ya pikipiki zina bolti ndogo ya kubana au pini ya kufungia iliyofichwa chini ya tope. Watu wamepiga nyundo siku nzima, kumbe kilichowazuia ni bolti ya spana namba kumi.

Hesi za pini zilizo nje zisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka zing'ae. Kutu iliyoachwa hapo itakwenda kuziba tundu wakati pini inaanza kutoka.

MAFUTA NA SIKU TATU ZA KUNGOJA

Mafuta ya kulegeza kutu yauzwayo madukani yanafaa. Mafundi wengine huchanganya asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwa kiasi sawasawa. Mchanganyiko huo hupenya vizuri, lakini hushika moto upesi, na asetoni huharibu rangi na plastiki. Vyovyote iwavyo, mafuta yapakwe pande zote mbili asubuhi na jioni kwa muda wa siku tatu au nne.

Mafuta hayapandi mlima kwa hiari yake. Baada ya petroli na betri kuondolewa, na oili ya injini kumwagwa, pikipiki yaweza kulazwa ubavu juu ya magunia, upande mmoja usiku wa kwanza na upande wa pili usiku wa pili. Mafuta yatiwayo kwenye kichwa cha pini yatashuka yenyewe. Kila yanapopakwa, kichwa kigongwe kidogo kwa nyundo nyepesi. Kusudi la kugonga huko si kuisukuma pini bali kuitikisa kutu ipasuke, ili mafuta yapate njia.

KUZUNGUSHA KABLA YA KUSUKUMA

Pini iliyokwama huachia upesi zaidi ikizungushwa kuliko ikisukumwa. Spana nzuri ya duara itiwe kwenye kichwa, na fundi avute kidogo upande wa kukaza, kisha upande wa kufungua, mbele na nyuma, huku mafuta yakiongezwa. Robo ya mzunguko ikipatikana, kazi imekwisha nusu.

Hata hivyo mkono lazima usikilize. Kichwa kikizunguka kidogo kisha kikajirudisha kama springi, mpira wa bushi ndio unaojisokota: pini imeshikana na kibomba cha ndani, na nguvu zaidi itaurarua mpira. Si hasara ikiwa bushi mpya zimekwisha nunuliwa, lakini pini yenyewe haijaachia. Kichwa kikianza kwenda kwa ulaini, bila ukinzani wa kawaida, chuma cha bolti kinakaribia kukatika. Hapo fundi aache mara moja na ahamie hatua inayofuata.

NYUNDO NA KIBANO

Nyundo ikibidi, itumike kwa akili. Nati irudishwe kwenye hesi mpaka uso wake ulingane na mwisho wa pini, ili pigo lipokewe na vyote viwili na hesi zisipondeke. Juu yake kiwekwe kipande cha shaba au cha alumini. Nyundo iwe nzito, ya kilo moja na nusu au mbili, na mapigo yawe machache na ya moja kwa moja. Nyundo nyepesi ipigwayo mara mia huponda mwisho wa pini ukapanuka kama uyoga, na pini iliyopanuka haitapita tundu lolote.

Upande wa pili wa fremu uegemezwe kwenye gogo imara lililokingwa na ukuta, nalo liwe na tundu ambamo kichwa cha pini kitaingia. Bila egemeo hilo nguvu yote huishia katika kuitikisa pikipiki. Katika Honda C90, ambayo fremu yake ni ya bati la chuma lililokandamizwa, pigo lisilo na egemeo hupinda bati lenyewe.

Bora kuliko nyundo ni kibano, nacho chaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa kuchomelea. Hutakiwa vipande viwili vya chuma kinene, fito mbili zenye hesi na nati zake, bolti moja kubwa, na bomba fupi lenye tundu pana kuliko kichwa cha pini. Bomba huwekwa upande wa kichwa, likakizunguka na kuegemea fremu. Upande wa pili bolti kubwa, iliyopita katikati ya kipande cha chuma, husukuma mwisho wa pini. Fito mbili huunganisha pande hizo. Bolti inapokazwa, pini hulazimika kwenda kwenye bomba, na nguvu yote hupita katika pini, kibomba cha bushi na ukingo wa fremu uliobanwa na bomba, hakuna kinachopindwa. Kibano kikazwe sana, kiachwe kwa saa chache, kisha mwisho wa bolti ugongwe pigo moja zito. Mara nyingi ndipo unaposikika mlio mkali kama wa fimbo iliyovunjika, na pini ikasogea milimita moja. Iliyosogea milimita moja itatoka. Ikikaza tena njiani, irudishwe nyuma kidogo, iongezwe mafuta, kisha isukumwe upya.

MOTO NA MASHARTI YAKE

Moto hufanya kazi kwa sababu chuma hupanuka kikipata joto. Tundu la milimita 14 likipashwa hadi kuizidi pini iliyomo ndani kwa digrii 200 za sentigredi huongezeka takriban sehemu tatu za mia za milimita. Ni pungufu ya unene wa unywele, lakini kwa kutu iliyokauka yatosha kuipasua. Kwa hiyo kinachopashwa ni chuma kinachoizunguka pini, si pini yenyewe. Joto likiwa limekwisha ingia, mshumaa ugusishwe kwenye ukingo wa pini. Nta itayeyuka na kuvutwa ndani ya mwanya, ambako itatumika kama mafuta.

Masharti ya moto ni matano. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Mpira wa bushi utaungua, kwa hiyo moto hautumiki ila pale bushi zinapokusudiwa kubadilishwa, na moshi wake usivutwe. Shokapu ziondolewe kabisa, kwani zina mafuta, na nyingine zina gesi iliyoshindiliwa. Mafuta ya kulegeza kutu yaliyobaki juu yafutwe. Tena, sehemu hiyo isiwe imesafishwa kwa majimaji yenye klorini, kama yale ya kusafishia breki ya aina fulani, kwa sababu mvuke wake ukikutana na moto waweza kutoa fosijini, ile gesi ya sumu iliyotumika vitani tangu mwaka 1915. Askari hahitaji kuelezwa zaidi.

MSUMENO, DAWA YA MWISHO

Pini ikikataa yote hayo, na ikatwe. Kufanya hivyo hakumwaibishi fundi, na mara nyingi ndiko kunakoiokoa fremu. Kati ya fremu na bomba la uma kuna mwanya mwembamba ambamo ncha ya kibomba cha bushi huonekana. Ukingo wa mpira ukatwe kwa kisu, kisha wembe wa msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, uliozungushiwa kitambaa mwisho mmoja uwe mpini, uingizwe hapo. Kibomba na pini vitakatwa pamoja, upande mmoja kisha wa pili. Kazi huchukua saa kadhaa, kwa kuwa bolti hiyo ni ya chuma kigumu. Grainda yenye kisahani chembamba hufupisha kazi, lakini mkono ukiteleza hujeruhi fremu. Miwani ya kazi ni lazima.

Uma ukitoka, vipande vilivyobaki katika fremu hugongwa, navyo hutoka kwa urahisi kwa kuwa ni vifupi. Bushi za zamani hutolewa zikiwa kwenye jiliwa: mpira hutobolewa kwa drili mpaka kibomba cha ndani kianguke, kisha kibomba cha nje hukatwa ufa mmoja kwa urefu wake, kwa uangalifu msumeno usile uma, na kukunjwa ndani kwa tindo. Mpya huingizwa kwa kuvutwa na bolti ndefu na washa nene, zikienda sawasawa. Zisigongwe katikati, zisukumwe kwa ukingo wa nje.

KURUDISHA KWA NAMNA ITAKAYODUMU

Matundu ya fremu yasafishwe na kukaguliwa kama yana nyufa. Bolti mpya ipakwe grisi isiyoyeyushwa na maji kwa urefu wake wote, isipokuwa hesi, ambazo hupakwa kidogo tu. Bushi za mpira zisipakwe grisi wala oili kwenye mpira wenyewe, kwani mafuta ya petroli huulainisha na kuuoza. Nati ya kujifunga iwe mpya.

Kosa moja hufanywa na mafundi wengi hapa. Katika pikipiki ya bushi za mpira, nati haikazwi kabisa uma ukiwa unaning'inia. Kwanza shokapu na gurudumu virudishwe, pikipiki ishushwe isimame juu ya magurudumu yake, mtu akalie kiti, ndipo nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu chake. Nati ikikazwa uma ukiwa chini, mpira utakuwa umesokotwa muda wote pikipiki inapotembea, na utararuka mapema. Kisha mnyororo unyooshwe, breki ya nyuma irekebishwe, na pini zake ndogo za kufungia zirudishwe zote. Safari ya kwanza iwe fupi, ya mwendo wa pole, bila abiria. Baada yake kila nati iguswe tena.

Mikono yenye grisi isioshwe kwa petroli, maana hudhuru ngozi na kupenya mwilini. Mafuta ya kupikia kidogo na kijiko cha sukari, yakisuguliwa kisha yakaoshwa kwa sabuni, huitoa grisi vizuri. Oili chafu isimwagwe uani wala karibu na kisima. Ihifadhiwe katika debe lenye mfuniko na kupelekwa kwenye gereji inayoipokea.

Baada ya hapo linabaki jambo moja la kila mwaka. Mvua za masika zikimalizika, nati ifunguliwe, pini ivutwe nje, ifutwe, ipakwe grisi, na kurudishwa. Inapotoka, fimbo ya unene ule ule iingizwe nyuma yake ili uma usihame mahali pake. Kwa mtu aliyezoea, shughuli hiyo haimalizi saa moja, na mtoto mkubwa aweza kufundishwa kuishika taa na kupanga spana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye pikipiki aandike tarehe ya grisi katika daftari la nyumba, karibu na ile ya kubadilisha oili, ili mwaka ujao asiitafute kwa kukumbuka.